Mtu wa Mkokoteni Niliyemtoa Nyongeza

Siku hizi mtu akitaka kuuza sanamu kwenye mtandao, watu humleta kwangu kana kwamba mimi ni daktari wa shughuli hiyo. Mmoja ana wanyama wa mawe wa babu yake, mwingine ana wanasesere wa plastiki aliowakusanya tangu shule ya msingi, na wote wanataka kujua waseme bei gani. Nawapa chai, nawasikiliza, halafu nawaambia mambo ya kawaida. Piga picha mchana, karibu na dirisha. Sema ufa uko wapi kabla mnunuzi hajauona mwenyewe. Pima urefu kwa rula, usikisie. Usisugue kutu, maana wakusanyaji wanapenda kutu kuliko unavyodhani. Wanaandika kwenye simu zao, wanashukuru, wanaenda zao. Sijamwambia hata mmoja nilijifunzia wapi, na nikiona wanavyofurahi huwa nasikia aibu.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli Otonglo, kando ya barabara ya kwenda Busia. Alikuwa na kibanda cha mabati matatu, pampu moja, beseni la maji la kutafutia matundu ya tyubu, na sanduku la vyuma ambavyo mtu mwingine angevitupa. Kwa vyuma hivyo alitengeneza watu. Mifupa yao ilikuwa spoki zilizokatika, mikono waya za breki, vichwa gololi za ekseli, na nguo zao alizikata kwenye tyubu kuukuu. Mrefu kuliko wote hakuzidi kiganja. Mimi nawaita sanamu kwa sababu ndilo neno nililowafundisha wanunuzi, lakini baba hakulitumia hata siku moja. Alisema tu watu wangu.

Hakumwambia mtu asimame amtazame. Aliziba pancha yake, akamsikiliza, akapokea ujira, na wiki moja baadaye mteja huyo alijikuta amesimama juu ya ubao wa kibanda, amekunja kiuno vilevile anavyokikunja. Alikuwapo mama wa samaki aliyeongea huku mkono mmoja uko kiunoni. Alikuwapo kinyozi aliyetembea kama anayeogopa kukanyaga kifaranga. Watu walicheka wakijiona, kisha wakawa wanapita kila siku kuhakikisha bado wapo. Baba akiwauza, aliwauza kwa bei ya pancha mbili, na mara nyingi alimpa mtu bure akisema amejitengeneza mwenyewe.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao mimi niliukuta na sikuuliza ulianza lini. Mtu akifariki, baba alimtoa kwenye ubao. Alimfuta kwa mafuta ya taa, akampaka mafuta ya cheni asipate kutu, akamfunga ndani ya kipande cha kitambaa na kumweka kwenye mkebe mkubwa uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Mkebe ulikaa nyumbani, chini ya kitanda chake. Waliomo hawakuuzwa wala kuonyeshwa wageni. Waliokuja kuwaona ni watu wao tu, na walikuja. Wakati ule picha ilikuwa kitu cha kwenda studio mjini ukiwa umevaa viatu, na wengi walikufa bila kuwahi kwenda. Kitambulisho nacho, ambacho kina picha, hurudishwa serikalini mtu akishazikwa. Kwa hiyo mjane alikuja Jumapili baada ya ibada, baba akavuta mkebe, akafungua kitambaa, akampa mtu wake amshike. Walikuwapo wa kanisani kwetu waliosema fundi anafuga wafu ndani ya mkebe. Baba alijibu kwamba wafu wako kaburini, yeye ana vyuma.

Miaka ya themanini mkebe ulikuwa mwepesi, nilikuwa naweza kuuvuta kwa mkono mmoja nikifagia. Miaka ya tisini ulijaa. Tulizika watu wa rika langu na wa chini ya rika langu, wiki baada ya wiki, kwa ugonjwa ambao tulikuwa tukiuita kifua, au malaria, au kurogwa, chochote isipokuwa jina lake. Baba alinunua mkebe wa pili.

Mmoja wa waliomo alikuwa mtu wa mkokoteni. Huyu nilimjua tangu nikiwa na sare ya shule. Alibeba magunia ya mkaa na mahindi kati ya mjini na soko letu, na gurudumu likimsumbua alikuja kwa baba. Alikuwa na miguu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, mashavu ya miguu yamejaa kama maembe mawili, na wanawake wa soko walimtania waziwazi juu ya miguu hiyo mpaka akakaa chini kuificha. Mama yangu alipozidiwa, ni yeye aliyemlaza kwenye mkokoteni juu ya godoro na kumsukuma hadi hospitalini, mwendo wa saa nzima, na alipopewa pesa aliuliza kama tunamtukana. Mama hakurudi kutoka hospitali ile. Baba alimtengeneza mtu huyo mwaka uleule, amejiinamisha mbele akivuta, na kwenye miguu alitia gololi mbili kubwa akazilehemu pande zote. Mkokoteni wenyewe ulikuwa wa mabati ya kopo.

Mtu wa mkokoteni alipougua, mama yake alikuja kutoka Bondo akamchukua. Alikaa naye kitandani miezi mingi, akamzika nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Mwaka ulipopita tulimwona mama huyo amesimama mbele ya kibanda na mfuko wa karanga, anauliza kama ni kweli yaliyosemwa. Baba alifunga kazi saa ile ile akamleta nyumbani.

Tangu hapo alikuja mara mbili kwa mwaka, Agosti baada ya kuvuna karanga na tena Krismasi ikikaribia. Alikaa kwenye kigoda, akatandika leso mapajani, baba akamwekea mwanawe pale. Alimpa habari za nyumbani kwa sauti ya kawaida tu, paa limevuja, ng'ombe amezaa, dada yako ameachika. Alimgeuza, akampapasa miguu kwa kidole gumba. Siku moja, nikimmiminia chai, aliniambia bila mimi kuuliza kwamba mwishoni alikuwa anambeba peke yake kumpeleka kuoga, mwanamume mzima, na hakuhema. Anakuja hapa aione miguu, alisema, kwa sababu akikaa muda mrefu bila kuiona anaanza kuona ile mingine.

Hayo nilikuwa nayajua yote. Nayasema mapema ili mtu asinitetee.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mchapaji katika ofisi moja mjini Kisumu, na ghorofa ya juu ya jengo letu ilifunguliwa saiba ya intaneti, kompyuta nne na feni moja. Mimi nilijua kuchapa, kwa hiyo nilipanda ngazi bila woga kuliko wengi. Mtu wa kwanza niliyemwandikia alikuwa mwalimu wangu wa sekondari, mwanamke wa ng'ambo aliyefundisha kwetu kwa kujitolea miaka ya themanini na kuondoka na watu watatu wa baba ndani ya begi lake. Tulikuwa tunaandikiana kadi kila Krismasi. Alinijibu siku ya pili, jambo lililonishangaza kiasi cha kuisoma barua mara tatu huku dakika zikihesabiwa. Alisema watu watatu wale bado wako kwenye rafu yake, kila mgeni anawauliza, na sasa kuna mahali kwenye intaneti ambapo wakusanyaji wananunua vitu kama hivyo. Kama baba ana wengine, yeye atatusaidia kuwaweka.

Baba wakati huo alikuwa ameacha kazi. Daktari alisema jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata, na linaweza kucheleweshwa kwa matone tu. Matone yalikuwa ghali. Aliona mwanga na vivuli, akatambua watu kwa hatua zao, na kibanda tulikikodisha kwa fundi mwingine. Nilipomweleza habari ya kuuza, alijibu kwa Kiswahili, ingawa nyumbani tulizungumza Dholuo. Alitumia Kiswahili alipotaka neno lisisahaulike.

"Hawa wa ubao, uza. Wa mkebe wacha. Hawa si yangu, ni ya wenyewe."

Nilimwambia nimesikia.

Walikuwa kumi na mmoja juu ya ubao. Niliwapeleka studio wakapigwa picha mmoja mmoja, mwenye saiba akaziingiza picha kwenye kompyuta, nami nikaandika maelezo. Mwalimu alinisahihisha sana, na ushauri ninaowapa watu leo ni wake. Nilikuwa nimewasugua wawili kwa majivu na sukari hadi wakang'aa, kwa sababu kwetu huwezi kumpa mgeni kitu kichafu. Aliniomba nisimguse mwingine tena, akisema mkusanyaji analipa ile miaka iliyokaa juu ya chuma. Nilikuwa nimeandika kwamba ni wazuri sana. Akaniambia niondoe wazuri sana, niandike urefu, uzito, mwaka, wametokana na nini, na huyu mtu alikuwa nani. Kila mmoja apewe namba, na karatasi yake yenye namba hiyohiyo iende naye ndani ya sanduku. Niliandika karatasi kumi na moja. Kinyozi peke yake alijaza ukurasa.

Nakiri nilianza kujisikia. Wenzangu wa ofisini walikuja kusimama nyuma ya kiti changu waone Otonglo ikiwa ndani ya kompyuta. Nilikuwa nimefika miaka thelathini na kitu bila kufanya jambo lolote la kuwaita watu, na sasa mhasibu alikuwa anauliza nimefanyaje. Hata kutembea nilibadilisha kidogo.

Mnunuzi akatokea mmoja, mzee aliyestaafu huko kwao, aliyekusanya sanamu za watu wakiwa kazini kutoka kila nchi. Alichukua wote kumi na mmoja kwa mkupuo. Barua zake zilikuwa za adabu, aliuliza baba anaendeleaje na macho, aliuliza kama kinyozi bado anafanya kazi. Mwalimu alipokea malipo akatutumia, nikanunua matone ya miezi mingi.

Nilifunga mzigo Jumamosi mchana, sakafuni, baba akiwa ameenda kukaa kibandani kusikiliza soko. Kila mmoja nilimzungushia pamba za gereji, halafu gazeti, halafu nikampanga. Mtu usimlaze juu ya mwenzake, weka kadibodi kati. Tikisa sanduku, ukisikia chochote, fungua uanze upya. Nilitikisa nikasikia. Kona moja ya chini ilikuwa tupu, upana wa ngumi.

Hapa lazima niseme kitu juu ya mama yangu. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Otonglo miaka kumi na minne, kwa gorogoro, ule mkebe ambao soko zima linapimia. Mteja akishalipa, mama alishika tena omena kwa mkono na kumwongezea. Ilikuwa nyongeza, na mteja aliyenunua vingi alipewa nyongeza nzuri, sio makombo. Nikiwa msichana niliwahi kumpimia mwanamke gorogoro tatu nikamwacha aondoke hivyo. Mama aliniacha na meza akamfuata hadi barabarani na omena mkononi, na aliporudi alinipiga kofi mbele ya watu. Nilichofanya, alisema, ni kumwonyesha mteja kwamba nimeshamalizana naye. Mpaka leo siwezi kumuuzia mtu kitu bila mkono kurudi kwenye rundo.

Mzee wa watu alikuwa amenunua wote kumi na mmoja bila kubishana, na ubao ulikuwa mtupu. Kona ilikuwa inaniangalia. Nikavuta mkebe.

Sitasema nilikosea kumtambua kwa sababu ya kitambaa. Nilifungua vitambaa vinne au vitano nikichagua. Nilimchukua wa mkokoteni kwa kuwa ndiye aliyependeza kuliko wote, na nyongeza ya mtu mkubwa haiwi kitu cha kutupa. Mama yake nilimkumbuka. Ilikuwa Machi, naye huja Agosti, na Agosti ilikuwa mbali. Nilijiambia kwamba baba haoni tena, na kwamba nikipata nafasi nitamwomba atengeneze mwingine, mambo mawili ambayo hayawezi kukaa pamoja, na niliyaweka pamoja bila shida. Nilimfunga kwa pamba, mkokoteni wake pembeni, nikatikisa sanduku, likanyamaza. Karatasi sikumwandikia. Nyongeza haiandikwi.

Mzee alijibu baada ya wiki tano kwamba mzigo umefika salama, wote kumi na mmoja, na nimefunga vizuri kuliko maduka makubwa. Mwishoni aliweka mstari mmoja wa kushukuru kwa zawadi ndogo. Nilifurahi siku nzima.

Baba aligundua mwezi wa sita. Mjane mmoja wa pale sokoni alikuja kumwona mumewe, baba akaingiza mikono ndani ya mkebe kama kawaida. Alikuwa anawajua kwa uzito na vifundo vya vitambaa. Alimpa mjane mtu wake, akamsubiri, akamsindikiza. Kisha alirudi akawatoa wote mmoja mmoja kitandani, akawapapasa, akawarudisha, akawatoa tena. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la mchele.

"Wa mkokoteni iko wapi?"

Nilimwambia. Nilimweleza habari ya kona, habari ya mama na omena, habari ya mzee aliyechukua wote bila kubishana, na nilivyokuwa naeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe ninavyosema upuuzi. Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alilirudia neno nyongeza mara moja, polepole, kama mtu anayejaribu jina la dawa.

"Sasa mama yake akikuja," alisema, "nitampatia nini ashike?"

Jumatatu asubuhi nilipanda saiba kabla ya kuingia ofisini. Nilimwandikia mzee kwamba zawadi ile ilikuwa makosa yangu, kwamba ni ya mwenyewe, na nitalipia kuirudisha. Nilimtumia mwalimu nakala. Mzee alijibu haraka na kwa masikitiko, na nikajua kabla ya kufika katikati. Alisema kila sanamu yenye namba iko kwenye kabati lake la kioo na karatasi yake mbele yake. Ile moja haikuwa na namba wala karatasi, yeye akaona ni kitu kidogo cha kufurahisha, na kanisa la mtaani kwao lilipokusanya vitu vya kuuza kwa ajili ya hisani, akaitoa. Hakumbuki ilinunuliwa na nani. Alikwenda kuuliza, na tena akaenda, akabandika tangazo kanisani. Aliniandikia mara tatu, na barua ya mwisho iliomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Nilimuuliza kama aliwahi kuipiga picha. Hakuwahi. Nami pia sikuwahi, kwa sababu nilipiga picha zile za kuuzwa tu.

Nililia pale ngazini, mahali ambapo wafanyakazi walikuwa wanapita na chai. Mhasibu aliniuliza kama wazungu wamekataa kulipa.

Mama wa mtu wa mkokoteni alikuja Agosti, asubuhi na mapema, na karanga. Alikuwa amezeeka tangu Krismasi, akawa anashika ukuta akikaa. Alitandika leso mapajani kabla hata ya maji ya kunywa. Baba alikuwa ametaka aseme yeye, nikakataa, nikamwambia hilo ni langu. Nilipiga magoti mbele ya kigoda nikasema nimemtoa mwanawe, amepotea, nimemtafuta sikumpata. Nilisema yote, hata kwamba nilimkumbuka yeye nikiwa naweka kitambaa pembeni.

Aliniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Nyara, huko uliandika jina yake?"

Nyara ni binti yangu, kwa Dholuo. Baba aligeuza uso upande wangu, yeye ambaye haoni.

"Niliandika, mama."

Alitikisa kichwa kukubali. Akaanza kuikunja leso, na hapo baba akamwambia asiikunje. Aliniagiza nimletee sanduku la vyuma, ambalo lilikuwa halijafunguliwa mwaka mzima. Akakaa sakafuni kwenye mwanga wa mlango, akachagua spoki kwa vidole, akatafuta gololi mbili kubwa akazipima kiganjani. Koleo lilikuwa linamteleza. Alijichoma, akaendelea. Alipopata mgongo na shingo, aliishia hapo, akamwambia mama yule kwamba macho yamekwisha na mikono imesahau, kwa hiyo amsaidie. Akauliza, mwanao akivuta, mguu gani ulikuwa mbele. Bega gani lilikuwa chini. Miguu yake, pale penye shavu, ilianza kujaa juu kabisa au katikati.

Mama alifumba macho atazame. Nilimwona anatafuta, midomo ikitembea bila sauti. Alinyoosha mikono mbele yake, akaifanya umbo la mguu wa mtu mzima, unene ule wa maembe, na kwa muda niliamini anauona. Halafu viganja vikaanza kukaribiana. Vilikaribiana kidogo kidogo mpaka nafasi iliyobaki kati yavyo ikawa ya mkono wa mtoto, na pale vikasimama. Alifumbua macho akaiangalia mikono yake.

"Mzee, wacha tu," alisema. "Ile ninaona ni yule wa kitanda."

Baba aliweka koleo chini.